Mikarafuu Iliyokufa Wima

Kazi ya kwanza niliyoajiriwa na serikali ilikuwa ni kuangalia miti. Msicheke. Nilipewa baskeli, kaptura mbili za kaki, kalamu ya wino na daftari la jalada gumu, nikaambiwa niitembelee mikarafuu niliyoonyeshwa, kila mmoja mara moja kwa wiki, niandike hali yake. Pemba watu wameangalia mikarafuu tangu enzi za mababu zao, lakini hakuna aliyewahi kulipwa kwa kuiangalia tu bila kuchuma, kwa hivyo nilitaniwa sana. Nikipita Wingwi na baskeli yangu watu waliniuliza kama miti ipo au imeshatoroka. Nilicheka nao, lakini ndani kwa ndani nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na kalamu ilikuwa haitoki mfukoni mwa shati hata nikienda kuoga.

Aliyeniajiri alikuwa Mzungu mmoja mtafiti, mrefu, mwenye shingo iliyoungua jua. Alikuja kutafuta jawabu la jambo lililokuwa likiwatia watu umasikini katika visiwa vyote viwili. Mkarafuu mkubwa, wenye afya, uliokwisha kuzaa miaka na miaka, ulikuwa ukifa hivi hivi umesimama. Majani yanageuka rangi ya chai, hayaanguki, yananing'inia pale pale juu ya mti mkavu. Na wa pili yake, ambao matawi yamegusana nao, hauna hata doa. Hali hiyo watu waliiita kufa wima. Wataalamu walikuwa wameshachimba mizizi, wamepima udongo, wamepasua magogo wakayatazama kwa vioo vyao, na kila mmoja alikuwa na lake. Nilipomuuliza Mzungu wangu sababu ni nini, alinijibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Sijui. Ndiyo maana niko hapa." Nilishangaa. Sikuwahi kumsikia mtu mwenye cheo akisema hajui, tena bila ya kuona haya.

Kila mti uligongewa kibati chenye nambari, na mimi nilifundishwa herufi nne. M kwa mti mzima, N kwa mti ulioanza majani ya njano, P kwa unaopukutisha, K kwa uliokufa. Alinikalisha chini akanieleza kwamba kubwa analotaka kujua ni kama maradhi haya hutoa taarifa kabla hayajaua, au huua ghafla tu. "Ukisahau yote," aliniambia, "usisahau N." Nikamwambia sitasahau.

Jumatano ilikuwa siku ya Wingwi. Miti yangu ya huko ilikuwa katika makonde mawili yaliyopakana. Moja lilikuwa la shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado sijui kujifunga kikoi. La pili lilikuwa la jirani yake, mkulima mwenye ng'ombe watatu na sauti kubwa. Shangazi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa pale walitua mikononi mwake kabla ya kutua penginepo, na hakuna nyumba aliyopita nje bila ya kuitwa, Bi Mkubwa, karibu, pita ndani. Kila Jumatano alinipikia muhogo wa nazi, akaufunika kwa kawa, akakaa mlangoni akisuka ukili mpaka asikie kengele ya baskeli.

Aliipenda kazi yangu kuliko nilivyoipenda mimi. Alitaka kujua kila kitu. Kwa nini Mzungu anachimba upande huu wa shina na si ule? Mbona mikarafuu ya bondeni hufa na ya mtoni hubaki, na mahali pengine ikawa kinyume chake? Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alinitaka nimwonyeshe M iko vipi na N iko vipi, akazichora mchangani kwa kidole.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana nimeizunguka vya kutosha.

Nilikuwa nimepanga chumba Jadida, pale Wete, na mtaa ule ule alikaa msichana niliyekuwa nimepeleka posa kwao. Jawabu lilikuwa halijatoka. Baba yake alikuwa na redio, na kila alasiri barazani kwake walikaa wanaume kusikiliza habari na kubishana siasa, maana ilikuwa ni miaka ile ambayo watu wa mtaa mmoja walikuwa hawaalikani harusini kwa sababu ya vyama. Mimi siasa ilinipita kushoto. Nilikaa pale ili mzee anione kijana mwenye adabu, na ili nisikie bangili nyuma ya pazia. Masika yakaingia. Njia ya Wingwi ikawa tope tupu, baskeli unaibeba wewe badala ya yenyewe kukubeba. Jumatano ya kwanza nikasema mvua kubwa, nitakwenda kesho. Kesho yake sikwenda. Jioni nikafungua daftari, nikaandika M, M, M, mpaka chini ya ukurasa. Miti ile ilikuwa mizima wiki iliyopita. Itakuwa na nini?

Uongo wa kwanza ulinikosesha usingizi kidogo. Wa pili haukunikosesha. Zilipita Jumatano sita bila ya mimi kufika Wingwi, na kila wiki niliandika M. Nilibadilisha mkandamizo wa kalamu ili isionekane nimeandika kwa mkupuo. Wiki ya tatu nilichota tope uani, nikalipaka pembeni mwa daftari kwa kidole, lipate sura ya kitu kilichokuwa kondeni. Ninapoandika haya ni mzee wa meno ya kuhesabu, na katika yote niliyoyafanya duniani, kile kidole chenye tope ndicho kinachonifanya niinamishe uso hata nikiwa peke yangu.

Katika wiki ya nne, nikiwa barazani Jadida nakunywa kahawa ya watu, ng'ombe wa yule jirani waliingia kwenye muhogo wa shangazi wakaumaliza. Shangazi alikwenda mpaka kondeni kwa jirani, akamsuta mbele ya watu. Jirani naye akamjibu vibaya, akamtia na chama chake humo humo. Shangazi akageuka kuondoka, na katika kuondoka akasema, "Haya, we cheka. Itakutokea puani!" Ni maneno ambayo kila mtu Pemba amewahi kuyasema, kwa mtoto, kwa mume, hata kwa kuku. Lakini aliyasema amesimama chini ya mikarafuu ya mwenzake, na wiki mbili baadaye minne kati ya ile ilikuwa imekufa wima.

Habari ilinifuata Jadida. Nilipanda baskeli nikaenda mbio, tope na yote. Niliikuta minne, majani yamekauka juu yake, na vibati vyangu vimo mashinani. Mtafiti alifika siku mbili baadaye. Alilichukua daftari, akalipitia mstari kwa mstari, na uso wake ukachangamka kuliko siku zote nilizomjua. Mzima, mzima, mzima, kisha kufa. Hakuna N hata moja. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akanishika bega akaniambia nimefanya kazi nzuri sana, akanakili ukurasa wote kwenye karatasi zake. Nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Yule jirani hakuwa na haja ya kutafuta. Yeye jawabu alikuwa nalo. Na aliposikia kwamba hata daftari la serikali linasema miti ilikuwa mizima mpaka siku aliyosimama yule mwanamke, akaenda kushitaki kwa sheha, mkuu wa kijiji. Sheha akaita watu barazani kwake siku ya Ijumaa baada ya sala, na mimi nikaitwa nije na daftari langu.

Asubuhi ile nilipitia kwa shangazi. Nilimkuta amevaa buibui lake jipya na hana wasiwasi wowote.

"Chei chei, shangazi," nilimwamkia.

"Chei chei, mwanangu. Umepotea weye, waishia kondeni tu, kwangu hupiti. Muhogo wangu waliwa na kuku." Kisha akacheka. "Lakini leo nimefurahi kukuona. Ntu akinisingizia, n'na mwanangu mwenye daftari. Weye sema ulichokiona tu, basi."

Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu, na mlango umefungwa. Nilichosema ni kwamba tusichelewe.

Barazani wanaume walikaa juu ya majamvi, wanawake ukumbini nyuma ya mlango uliokuwa wazi. Jirani alisema yake, na mkewe akaulizwa, akasema alimwona Bi Mkubwa zaidi ya mara moja akiinama chini ya mikarafuu yao kuokota vitu. Watu wakanong'ona. Shangazi hakungoja kuulizwa. Alitoka mpaka kizingitini, akaweka chini kipakacha, akakifungua.

Ndani yake mlikuwa na majani ya mkarafuu, yaliyofungwa mafungu mafungu kwa ukili. Akayapanga moja baada ya jingine.

"Kweli nimeokota," alisema. "Haya n'liyaokota Jumatano ya pili ya mvua. Mtaona njano yake imeanza pembeni. Haya ya Jumatano iliyofuata. Haya ya siku ile ya ng'ombe, na haya baada yake. Miti ile ilikuwa migonjwa kabla sijafungua kinywa changu. N'lisema nimwekee mwanangu, maana Mzungu wao ataka kujua njano yaanza lini. Yeye ana daftari. Mwanangu, hebu wasomee."

Naomba msomaji anielewe. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameifanya kazi yangu. Alikuwa ameifanya siku ile ile ya wiki niliyotakiwa niifanye mimi, kwenye mvua niliyoiogopa, na aliifanya kwa sababu alidhani itanisaidia. Zile N ambazo Mzungu alizitafuta kisiwa kizima zilikuwa zimelala kizingitini, zimefungwa kwa ukili, na zilikuwa zimepangwa sawasawa.

Nilifungua daftari. Nilikuwa najua kwamba nikisema kweli nitafukuzwa kazi kabla ya Jumatatu, na Jadida watajua, na posa itarudi. Niliyapima hayo kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikasoma. Tarehe, nambari ya mti, mzima. Tarehe, nambari ya mti, mzima. Nilisoma kwa sauti ya karani. Nilipofika wiki ya ugomvi nikasoma mzima, nikafunga.

Shangazi alinitazama. Nimeshatazamwa kwa hasira maishani na nikaistahamili. Pale hapakuwa na hasira. Alikuwa akihesabu. Niliona kabisa anazihesabu zile Jumatano, sahani za muhogo zilizopoa, kengele ambayo hakuisikia, na niliona alipofika mwisho wa hesabu yake. Neno moja tu lingemtoa: Huyu hakuja. Mashahidi angewapata papo hapo, maana hakuna mtu wa Wingwi aliyeiona baskeli yangu wiki sita.

"Basi," alisema. "Mie macho yangu ya kizee. Kama daftari lasema hivyo, sina neno."

Akainama akaanza kurudisha mafungu kwenye kipakacha. Jirani akapiga kelele kwamba asiachiwe kuondoka na uchawi wake, na mtu mmoja akakichukua kile kipakacha kikachomwa moto nyuma ya nyumba. Majani yale yaliyokuwa ushahidi wake sasa yalikuwa ndiyo kosa lake: mtu mzima na akili zake anakusanya majani ya miti ya mwenzake, anayafunga kwa siku, ya nini kama si hayo?

Sheha hakutaka kumhukumu mtu kwa dhana. Likakatwa shauri isomwe halubadiri, ile dua ya kumshitakia Mungu aliyedhulumu bila ya kumtaja, imfike huko huko aliko. Pemba mtu anaweza kumwogopa polisi na asimwogope, lakini halubadiri kila mtu anaiogopa. Ubani ukafukizwa, tukakaa duara. Shangazi alikaa na wanawake, na kila penye amin sauti yake ilitoka wazi, nzito, ya mtu ambaye moyo wake hauna deni. Mimi nilichezesha midomo tu. Nilikuwa namwomba Mungu asinisikie, na nilikuwa namwomba katika kisomo ambacho watu wazima wote pale walikuwa wakimwomba asikie.

Sikuugua. Sikuanguka kwenye baskeli. Wiki mbili baadaye jawabu la posa likatoka, na lilikuwa ndiyo.

Shangazi hakufukuzwa na mtu. Hawakumwita tu. Mwanamke akishikwa na uchungu walipita mbele ya mlango wake kwenda kumtafuta mkunga wa mbali. Wajawazito wakimwona njiani walijifunika kanga mpaka kitovuni. Alistahamili mavuno yale yote, kisha akafunga mizigo yake akahamia Vitongoji kwa jamaa wa marehemu mume wake, na konde lake likabaki na vibati vyangu.

Toka siku ile sikukosa mti hata mmoja. Nilikwenda kwenye jua na kwenye mvua, niliandika N mpaka Mzungu mwenyewe akasema nimekuwa na macho makali. Faida gani? Yeye alipohamishwa aliondoka na karatasi zake, na ule ukurasa wangu ukiwemo. Mara tatu nilianza kumwandikia barua nimwambie aufute, na mara tatu niliichana. Miaka mingi baadaye nimesikia kwamba walipata vimelea fulani kwenye mizizi na shina, na kwamba hata hivyo hawajakubaliana kwa nini mti huu hufa na wa ubavuni mwake hubaki. Wapo wanaoendelea kutafuta. Nikisikia hivyo najiuliza kama kuna mtu mahali fulani, msomi, mwenye miwani, amekaa anasumbuka na mikarafuu minne ya Wingwi iliyokufa bila ya taarifa. Nataka kumwambia asisumbuke. Taarifa ilitoka. Aliyelipwa kuipokea alikuwa Jadida anakunywa kahawa.

Nilikwenda Vitongoji mara moja, mwaka mmoja baada ya harusi yangu. Nilikwenda kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilimkuta uani anasuka, amekonda, na kabla sijakaa vizuri akaniuliza habari za mke wangu, kisha akauliza, "Na yule Mzungu? Kashajua kwa nini mikarafuu yafa?"

"Bado, shangazi."

"Bado?" Alisikitika kikweli. "Miaka yote hino?"

Nikamwambia nina neno nataka kumwambia, la siku ile barazani. Hakuacha kusuka.

"N'lijua siku ile ile," alisema. "Ungefukuzwa, na mwenzio hajakujibu bado. Mie nshazeeka, wanifanye nini? Kula, samaki wapoa."

Nikala. Hilo nalo nimelifanya. Nilikaa nikala samaki wake, nikanawa mikono, nikarudi Wete bila ya kuomba radhi kwa maneno yanayosikika. Njiani niliapa kwamba wiki ile ile nitakwenda Wingwi, nisimame mbele ya sheha na yule jirani, niseme. Sikwenda. Kwanza ilikuwa mavuno, kisha ilikuwa mke wangu mjamzito, kisha hata sikutafuta kisingizio. Mpaka leo hakuna mtu wa Wingwi aliyeyasikia haya kutoka kinywani mwangu.

Alifariki muda si mrefu baada ya pale. Nilipata habari mchana, nikawahi Vitongoji jeneza likiwa limeshatolewa. Kutoka Wingwi hakuja mtu. Watu waliokuwepo walikuwa wa pale pale, wavuvi na wakulima, na nyuma ya nyumba nilisikia wanawake wengi wakilia, maana kumbe huko aliendelea kuzalisha. Tulipomaliza kumsalia, imamu akageuka, akatuuliza kama inavyoulizwa, "Mnamshuhudia vipi maiti huyu?"

Wenzangu walijibu kwa sauti ya kawaida. Mimi nilijibu kwa nguvu zangu zote. "Mtu mwema!" nilipiga kelele. "Mtu mwema, wallahi, mtu mwema!" Nikarudia tena baada ya wote kunyamaza, machozi yananitoka, mpaka watu wakageuka kunitazama.

Mzee aliyekuwa kando yangu alinishika mkono taratibu.

"Twajua, mwanangu," aliniambia. "Siye hapa twamjua."